Kusudi la kikundi (na la kwako mwenyewe) linatafutwa kwenye daftari, sio kwenye semina

Kama umewahi kuwa kwenye kikundi chochote, kiwe VICOBA (vile vya kuweka na kukopeshana hela), kwaya, ushirika wa wafugaji au NGO ya watu saba yenye mhuri mmoja na laptopu ya kuazima, basi lazima umepita hapa: mnakodi ukumbi, anakuja mwezeshaji na makaratasi makubwa na maka peni za rangi, mnagawanywa makundi, kila kundi linaandika maneno kwenye vikadi, vikadi vinabandikwa ukutani, na saa tisa mchana mkiwa mmeshiba pilau mnatoka na kitu kama "Kuwa taasisi inayoongoza Afrika Mashariki na Kati katika kuwezesha jamii kwa njia endelevu na shirikishi". Makofi. Linachapwa bango, linaning'inizwa mlangoni, na baada ya miezi miwili ukimuuliza hata mwenyekiti pale juu pameandikwa nini anageuka kwanza kusoma.

Mimi ni katibu wa kikundi cha namna hiyo na ile sentensi niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwahiyo hapa simcheki mtu. Nachoandika ni njia tuliyoifuata baada ya kuumbuka, na ambayo baadae niliitumia kwenye maisha yangu binafsi pia maana nilikuta ni ugonjwa uleule.

Kwanza tuelewane maneno maana yanachanganya. Ofisini kwetu Tanzania tunasema dira na dhamira, wengine dhima, Wakenya wana ruwaza yao, na kila mwezeshaji ana maelezo yake ya tofauti kati ya hivyo vitu, mimi nimeshachoka kuzikariri. Ila neno dira lenyewe lina funzo ndani yake. Nahodha wa jahazi akiangalia dira anaona kaskazini ni wapi, basi, dira haimwambii kama anaenda Pemba au Mombasa, hilo alitakiwa alijue kabla hajang'oa nanga. Vikundi vingi vina dira nzuri sana na havijui bandari. Kwahiyo nikisema kusudi humu namaanisha kitu kidogo tu: upo kwa ajili ya nani, na akikwama na nini ndo unamkwamua.

HATUA YA 1: Usiandike kitu, jumlisha kwanza

Chukua daftari la mapato na matumizi la mwaka mzima uliopita, kaeni watu watatu (mweka hazina, katibu na mwanachama mmoja wa kawaida asiye na cheo, huyu ni muhimu kuliko mnavyodhani), mpange kila shilingi iliyotoka kwenye mafungu manne au matano. Msijadili chochote. Jumlisheni tu.

Sisi kikundi chetu kilianza kama kikundi cha kufa na kuzikana, watu 26, mtaa mmoja Tanga, Waislamu na Wakristo pamoja, mchango elfu mbili kwa wiki. Tulikuwa na turubai moja, viti vya plastiki 60 na masufuria makubwa mawili yale ya kupikia wali wa shughuli. Ukimuuliza yeyote pale kikundi hiki ni cha nini atakujibu bila kufikiria, cha misiba. Sasa siku tulipojumlisha, ukichanganya michango, marejesho na hela za kukodisha viti, ndani ya mwaka zilitoka 4,800,000. Kati ya hizo mikopo ya biashara ya wanachama ilikuwa 3,300,000, sare na sherehe ya mwisho wa mwaka 700,000, vikao (yaani soda, vitafunwa na nauli za viongozi, na mimi nikiwemo) 450,000. Misiba 350,000.

Soma tena hapo. Kikundi cha misiba kilitumia hela nyingi zaidi kwenye soda kuliko kwenye misiba.

Na hatukujumlisha kwa sababu tulikuwa na akili, tulijumlisha kwa sababu tuliaibika. Jumatano moja jioni mwanachama mwenzetu alifiwa na mumewe, taarifa ikaja kama saa kumi na moja, nikampigia mweka hazina akanambia sandukuni kuna elfu kumi na nane. Zingine zote zimekopeshwa. Viti vilikuwa vimekodishwa kwenye harusi ya mtaa wa pili, turubai nalo hukohuko. Tulizunguka kuomba turubai kwa kikundi kingine, tukalipata saa tatu usiku, lina tundu katikati, na nakumbuka mfiwa amekaa chini kwenye mkeka, mvua inaanza kunyunya, watu wanavuta mkeka pembeni kukwepa lile tundu, na kila mtu pale amevaa fulana yenye jina la kikundi. Bibi mmoja mwanachama mwanzilishi alinivuta pembeni akasema, "Katibu mwanangu, hivi sisi siku hizi tunazika au tunakopeshana?" Sikuwa na jibu.

Kwa mtu binafsi hatua ni hiihii. Chukua miamala yako ya M-Pesa au mtandao wowote unaotumia ya miezi mitatu, ingia kwenye setingi za simu uone umekaa masaa mangapi kwenye programu ipi, halafu wiki mbili mfululizo kila usiku andika mistari mitatu ya siku ilienda wapi. Usijihukumu. Wengine watagundua wanasema familia ndo kila kitu ila familia inapata dakika arobaini za jioni huku macho yako kwenye simu, na wengine watagundua kitu kizuri ambacho hawakukihesabu, mfano kila mwezi unatuma elfu ishirini ya ada ya mtoto wa dada yako mwaka wa tatu sasa na hujawahi kujiona kama mtu anayesomesha. Unasomesha. Iandike hiyo.

HATUA YA 2: Uliza watu wanakupigia hodi kwa ajili ya nini

Hii ndo hatua naipenda kuliko zote na ndo watu wengi wanairuka kwa sababu ya ile tabia ya kukaa chumbani kujiuliza "mimi ni nani". Kukaa chumbani hakutakupa jibu, utaishia kulala.

Watu huwa wanajua tayari unafaa kwa nini, wanaonyesha kwa miguu yao. Nani anakuja kwako, saa ngapi, na anataka nini ambacho angeweza kukipata kwingine ila kaja kwako? Mimi nilihangaika miaka na biashara ya mitumba, nikauza viatu, nikajaribu na chipsi, kila siku najiambia mimi ni mfanyabiashara sijapata mtaji tu. Nilipoanza kuandika wanaopiga hodi nikakuta ndani ya mwezi mmoja hakuna hata mmoja aliyekuja kununua kiatu, ila walikuja watu tisa kutaka niwaandikie kitu: barua za kuomba kazi, barua ya posa (mbili, na moja ilirudishwa na upande wa mke kwamba ina maneno makali, tukaiandika upya), malalamiko ya mpaka wa kiwanja, muhtasari wa kikao. Yaani kazi yangu ilikuwa inanitafuta nyumbani mimi nikiwa gulioni nimekaa na viatu.

Kwa hiyo waulize watu watatu, mmoja ndugu, mmoja mnayefanya nae kazi, mmoja jirani: "Ukipata shida gani ndo mimi nakuja akilini kwanza?" Usiwaeleze kwamba unatafuta kusudi la maisha, wataanza kukusifia au kukuombea dua. Uliza tu kama stori.

Kwa kikundi au taasisi, kupigiwa hodi maana yake ni kwenda kuwasikiliza wale mnaosema mnawahudumia kabla hamjawaandikia mradi. Mfano mzuri ninaoujua ni Wangari Maathai wa Kenya. Huyu mama hakuamka siku moja akasema kusudi langu ni miti. Alikuwa msomi wa mifugo Chuo Kikuu cha Nairobi, anafanya utafiti wa ndigana kali (ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe), anatoka mjini kwenda vijijini kukusanya kupe kwenye ng'ombe, na hukohuko ndo akaona ng'ombe wamekonda hakuna nyasi, na mito imejaa tope. Halafu kupitia Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya akawasikia wanawake wa vijijini wakisema shida zao: kuni ziko mbali, maji safi hakuna, chakula cha maana cha watoto hakuna. Akaunganisha, vyote hivyo vinaguswa na mti. Tarehe 5 Juni 1977 wakapanda miti saba pale Kamukunji Nairobi, na kutoka hapo likaja vuguvugu la Green Belt na makumi ya mamilioni ya miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Ninachotaka ukione ni kwamba alikuwa anatafuta kupe. Kusudi alikutana nalo njiani akiwa kwenye kazi nyingine kabisa, masikio yakiwa wazi. Na walianza na miti saba, sio "kampeni ya miti milioni" na kofia na fulana.

Hapa niseme na lile jambo la ikigai, yaani kinachokufanya uone maisha yana maana, maana najua kuna mtu anasubiri. Zile duara nne, unachopenda, unachokiweza, dunia inachohitaji, unacholipwa, zinasambazwa kila siku kama hekima ya kale ya Kijapani. Neno kweli ni la Kijapani na Wajapani wanalitumia kwa kawaida tu, hata chai ya asubuhi au mjukuu inaweza kuwa ikigai ya mzee. Ila ule mchoro ni wa mwanablogu mmoja wa Ulaya, mwaka 2014 alichukua mchoro wa Mhispania uliokuwa na neno "kusudi" katikati akaweka "ikigai". Sio mbaya kama zoezi. Shida yake ni hiyo duara ya kulipwa, inafanya mtu aliye na kazi ya ulinzi usiku na anayefundisha watoto mpira jioni aone hajakamilika kwa sababu mpira haumlipi. Nani kasema lazima mpira ukulipe? Ulinzi unalisha nyumba, mpira ndo kusudi, na vyote vinaweza kukaa kwa mtu mmoja bila ugomvi.

Na upande wa pili pia uangaliwe. "Ualimu ni wito", "uuguzi ni wito", hayo maneno ni ya kweli ila yameshatumika sana kumnyamazisha mtu anayedai haki yake. Ukiona bosi anaanza kuongea kusudi na wito siku uliyoulizia posho, hapo elewa.

HATUA YA 3: Andika sentensi moja ambayo bodaboda ataielewa

Sasa ndo unashika kalamu. Sentensi moja, na iwe na vitu vitatu: nani, akipatwa na nini, anapata nini kutoka kwenu. Ukiweza weka na muda. Marufuku maneno haya: kuwezesha, endelevu, shirikishi, jumuishi, viwango vya kimataifa, kuongoza, bora. Ukiyatoa hayo na sentensi ikabaki tupu basi ilikuwa tupu toka mwanzo.

Sisi tulikaa vikao viwili kwa ajili ya mstari mmoja. Ya kwanza ilikuwa "Kusaidiana katika shida na raha", tukaikataa kwa sababu raha ndo ile iliyokula laki saba. Ya pili "Kumfariji mfiwa", nzuri ila kumfariji na nini? Maneno kila mtu anayo. Mwisho ikawa hivi:

"Mwanachama akifiwa, ndani ya masaa matatu anakuwa na turubai, viti 60, sanda au jeneza, na chakula cha siku tatu, bila yeye kukopa wala kupiga simu."

Hilo la "wala kupiga simu" alilileta yule mama mfiwa mwenyewe, kwa sababu usiku ule alipigiwa simu na viongozi mara sita kuulizwa funguo ya hiki iko kwa nani, na mume yuko ndani amelazwa. Hakuna mwezeshaji angelijua hilo. Ndo maana nasema mtu unayemhudumia awepo kwenye chumba, ikiwezekana yeye ndo ashike kalamu.

Ukimaliza toka nje, mtafute dereva bodaboda au mtoto wa darasa la nne, msomee, halafu mwambie akurudishie kwa maneno yake. Akikosea, kosa ni la sentensi.

Kwa mtu binafsi ni hivyohivyo ila usijibebeshe dunia. Yangu inasema naandika maneno ya watu ambao hawawezi au wanaogopa kuandika, yafike mahali yanapotakiwa kufika. Ya rafiki yangu mmoja kwa miaka miwili ilikuwa ni kumuuguza mama yake, basi, hakuna kingine, na alipokuwa anaona wenzake mtandaoni wanafungua makampuni alijiona amepotea. Hakupotea. Kusudi linaweza kuwa la msimu. Mama alipopona akaandika jingine.

HATUA YA 4: Andika mnachokataa, na kikataeni kweli

Hapa ndo vikundi vingi vinafia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kukubali ni rahisi, kila mtu anakubali. Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Jambo jema sana na limewatoa watu. Ila tazama kinachotokea mtaani: watu hawafahamiani, wanakutana Jumatatu kwa sababu wamesikia mkopo unatoka, Jumanne wana katiba (ya kunakili, mpaka jina la kikundi cha zamani limesahaulika ukurasa wa nne), Ijumaa wana mradi wa kuku. Ukiuliza kwa nini kuku, jibu ni kwamba waliambiwa kuku wanapitishwa haraka. Mwaka 2023 hiyo mikopo ikasimamishwa mpaka 2024 ili utaratibu urekebishwe, na mtaani kwetu vikundi vilivyokuwepo kwa ajili ya mkopo peke yake vikayeyuka, hata grupu za WhatsApp zikawa za kutumiana salamu za Ijumaa. Vile ambavyo vilikuwa na kazi yao kabla ya mkopo viliendelea kukutana kama kawaida.

NGO nazo ni walewale, tusidanganyane. Mwaka huu mfadhili anataka ukimwi, tunakuwa wa ukimwi. Mwaka kesho mazingira, tunakuwa wa mazingira. Miaka kumi baadae una taasisi yenye magari mawili na ripoti nzuri, na mfanyakazi wake hawezi kumweleza shangazi yake anafanya kazi gani.

Kwahiyo tengeneza orodha ya vitu vitatu, sio zaidi, ambavyo ni vizuri, vina faida, na hamtavifanya. Viwe vizuri kweli, maana kukataa kitu kibaya sio mtihani. Vyetu: moja, hatukodishi turubai wala viti kwa mtu yeyote asiye mwanachama, hata alipe mara mbili. Mbili, theluthi moja ya michango haikopeshwi, inalala sandukuni, hata mtu alie. Tatu, hatuchukui mkopo wa mradi kwa jina la kikundi, anayetaka biashara aunde kikundi kingine na sisi tutamwandikia barua ya kumtambulisha.

Hilo la tatu lilileta ugomvi. Wanachama watano wakaondoka wakaanzisha chao cha biashara, na wawili kati yao walikuwa wachangiaji wazuri kuliko wote. Iliuma. Ila wanne katika hao watano wakaomba kubaki kwetu upande wa misiba, wanachanga huku na huku, na sasa hivi hakuna anayechanganya sanduku.

Binafsi mimi nilikuwa katibu wa kamati nne: kikundi, shule, ukoo na timu ya mpira. Nikabaki na ya kikundi na ya ukoo, maana ya ukoo huwezi kutoka, ukitoka wanakufuata. Kukataa kwa watu wetu ni kazi, unaonekana umeringa, kwahiyo usikatae kwa hotuba. Nilichofanya nilimtafuta wa kushika nafasi kabla sijatoka, nikaenda nae kwa mwenyekiti nikasema, "Mzee, shikamoo, nimekuletea kijana, mwandiko wake mzuri kuliko wangu." Ikaisha.

HATUA YA 5: Pima kwa yule mtu, usipime kwa mahudhurio

Idadi ya vikao, idadi ya waliosaini karatasi ya posho, idadi ya vipeperushi, vyote hivyo vinapima jinsi mlivyohangaika. Havisemi kama yule mtu kakwamuka.

Shirika la BRAC la Bangladesh, ambalo hata kwetu Tanzania lipo, lilifanya kitu kimoja miaka ya 1980 ambacho nakisimulia kila semina ninayolazimishwa kwenda. Watoto walikuwa wanakufa kwa kuharisha, dawa ni maji, chumvi na sukari ila kwa vipimo sahihi. Wakatuma wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha mama wa watoto: maji kiasi hiki, chumvi mfinyo wa vidole vitatu, na konzi ya gur, ambayo ndo hiihii sukari guru yetu, hata jina tumelitoa hukohuko pande za India. Zaidi ya kaya milioni 12 zilifikiwa ndani ya miaka kumi. Sasa ujanja uko kwenye malipo: mwalimu hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizoingia, alilipwa kulingana na yule mama alichokumbuka pale mkaguzi alipokuja baadae kumuuliza. Kama mama kasahau, mwalimu nae kakosa. Fikiria semina zetu zingelipwa hivyo!

Kwa Wangari nako akina mama walipata hela kidogo kwa mche uliopona, sio kwa mche uliochimbiwa shimo tu mbele ya kamera.

Chetu sisi ni saa. Taarifa ya msiba imeingia saa ngapi, turubai limesimama saa ngapi. Zinaandikwa kwenye daftari, safu mbili tu. Kwako binafsi tafuta kitu kimoja kinachohesabika, barua ngapi zimejibiwa, mtoto wa dada kafika darasa gani. Kimoja.

HATUA YA 6: Jiulizeni kazi ikiisha itakuwaje

Haraka haraka. Marekani mwaka 1938 rais Franklin Roosevelt alianzisha taasisi ya kupambana na polio, watu wakatuma senti kumi kumi, ndo maana ikaitwa March of Dimes (dime ni sarafu yao ya senti kumi). Tarehe 12 Aprili 1955 ikatangazwa chanjo ya Jonas Salk inafanya kazi, chanjo ambayo hela zao zilisaidia kuitengeneza. Kazi imeisha! Wakakaa na swali gumu, tufunge au tushike kingine, na mwaka 1958 wakahamia wazi wazi kwenye kasoro za watoto wanaozaliwa nazo.

Kubadili kusudi sio dhambi. Kubaya ni kubadilika bila kujua, kama sisi tulivyotoka kwenye sanda tukajikuta kwenye mikopo bila kikao hata kimoja kukaa kusema tumehama. Weka tarehe, mara moja kwa mwaka, mrudie hatua ya kwanza yote, daftari, watu watatu, mafungu. Mtu binafsi afanye siku anayoikumbuka, wengine Ramadhani, wengine siku ya kuzaliwa.

HATUA YA 7: Iweke mkono unapofika

Bango la mlangoni tulilishusha, kwa sasa limefunika kuni za mtu. Sanduku letu ni lile la chuma la kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, halifunguki mpaka wote wapo. Sentensi tuliandika kwa maka peni ndani ya mfuniko. Kwahiyo kila wiki sanduku likifunguliwa, kabla hela haijaguswa, mfuniko unawaangalia, na mwanachama mmoja kwa zamu anausoma kwa sauti, hata asiyejua kusoma anausema kwa kichwa maana ameshausikia. Inachukua nusu dakika.

Ya kwangu iko kwenye jalada la ndani la daftari ninaloandikia barua za watu.

Msiba wa mwisho tuliokuwa nao taarifa ilikuja saa nne asubuhi, turubai likasimama saa sita na robo, hiyo iko kwenye daftari. Chakula lakini kiliisha siku ya pili, mchele umepanda na tulikuwa tumeshazika mara mbili mwezi huohuo. Kikao kilichofuata kuna aliyesema tuache tu palivyo, ni siku moja nani atajua. Yule bibi akaomba maka peni. Kwa hiyo ukifungua sanduku letu sasa hivi utakuta "siku tatu" imekatwa mstari, juu yake imeandikwa "siku mbili", na mwandiko unapanda juu kidogo kwa sababu aliandika amesimama.